Betri Sita za Kuazima

Walisema sitafika popote. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wengine ni mjomba wangu, kaka yake mama, na alilisema mbele yangu, kwa hiyo simsengenyi. Nilipofeli hesabu kidato cha nne alisema mtoto anayeogopa jembe ataogopa na kalamu. Nikarudia mtihani, nikafaulu. Nilipoingia chuo cha ufundi Dar es Salaam akasema nitatimuliwa kabla ya mwaka wa pili. Nikatoka na stashahada ya umeme, na katika darasa letu waliokuwa mbele yangu hawakuzidi wawili. Nilipopata kazi Muscat akasema nitarudi na televisheni na kikohozi. Nilikaa miaka tisa, nikarudi bila kikohozi, nikajenga nyumba Mapinga kwenye kiwanja nilichokipata wakati pale pana mihogo na nguruwe pori. Nyaya zote za nyumba ile nilizitandaza mwenyewe. Hakuna fundi mwingine aliyegusa hata swichi moja.

Nayasema haya kwa kujisifu, sikatai. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe asipojisifu, hana wa kumsifia. Lakini nayasema pia ili ieleweke kwa nini niliuamini mlango wangu kiasi kile.

Ulikuwa mlango wa chuma, umepakwa rangi ya mti wa mninga, na juu yake kufuli la kielektroniki. Mtaani hapakuwa na jingine. Linafunguka kwa kidole, au kwa namba, au kwa simu ukiwa umesimama karibu. Muscat nilikuwa fundi wa matengenezo katika hoteli kubwa, na makufuli ya namna ile nimeyafungua na kuyafunga tena kwa mamia. Kazi yangu ya kila wiki ilikuwa kupita vyumbani na kubadilisha betri. Msimamizi wetu, Mhindi mmoja mkimya wa Kerala, alikuwa na sheria moja: betri za kuchaji zisiwekwe mlangoni. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Hizo hazisemi zinapokaribia kuisha."

Nilielewa alichokisema. Betri ya kawaida ina volti moja na nusu, nayo hupungua pole pole, kidogo leo, kidogo kesho, kwa hiyo kufuli huliona jambo mapema na kukuonya. Ya kuchaji ina volti moja na nukta mbili, na hukaa pale pale, wiki hadi wiki, mpaka siku inapokata. Lakini niliona hofu ya yule bwana ni hofu ya mtu mwenye milango mingi. Mimi nilikuwa na mmoja. Tena nilikuwa na paneli ya jua barazani na chaja nzuri niliyorudi nayo. Kwa nini ninunue betri za kutupa kila mara, mtu mwenye elimu yangu?

Nikanunua nane za kuchaji. Nne mlangoni, nne kwenye chaja. Kufuli likaanza kulalamika siku ile ile ya kwanza, taa nyekundu na mlio kila ukifungua, kwa sababu lilizoea volti sita na mimi nililiwekea pungufu ya tano. Kwenye simu likanionyesha betri nusu wakati zimetoka kwenye chaja saa hiyo hiyo. Nikaingia kwenye mipangilio nikauzima ule mlio na ile taa. Badala yake nikaweka ratiba yangu: Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, nikitoka msikitini, nabadilisha. Mwaka mzima na ushei sikukosa hata mwezi mmoja. Watu wakija kunitembelea niliwaonyesha chaja na kuwaeleza, wanywe chai wasinywe.

Mama alihamia kwangu baba alipofariki na kuzikwa Miono. Alikuwa amelima maisha yake yote, mahindi, korosho, mananasi. Kufuli halikukisoma kidole chake hata kimoja. Nilijaribu vyote kumi, kimoja kimoja, nikavifuta kwa pamba na spiriti. Vilikuwa laini kama kijiko cha zamani, alama zimekwisha.

"Mlango wa mwanangu unaniuliza mimi nani," alisema.

"Vidole vyako vimekwisha, mama."

"Havijaisha. Vipo Miono, kwenye mpini wa jembe. Kaviulize huko."

Nikampa namba. Aliibonyeza huku akiitaja kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, na anayepita barabarani aliisikia. Nilimwambia hiyo ni siri. Akasema hamjui mwizi wa Mapinga hata mmoja, na yeye ana nini cha kuibiwa.

Kitu alichokuwa nacho kilikuwa kwenye sanduku lake la bati chumbani. Chini ya kanga mpya alizokuwa hazivai kulikuwa na sanda yake. Vipande vitano, tayari vimekatwa. Shoga yake wa Miono alipokwenda Hija alikichukua kitambaa kile, akakichovya katika maji ya Zamzam, akakianika, akamrudishia kimekunjwa. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mama alikitoa, akakipitisha kwenye moshi wa udi, akakikunja upya, akakirudisha. Nilimkuta siku moja barazani anafanya hivyo, vipande vimetandazwa magotini kama mtu anayechagua nguo ya harusi.

"Nikifa usinivishe ya dukani," alisema. "Na nioshwe chumbani kwangu."

"Mama, asubuhi yote hii unaongea habari hizo."

"Nakwambia asubuhi ili ukumbuke mchana."

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Kufuli lilikuja na funguo mbili za kawaida kwa ajili ya dharura. Moja niliiweka kwenye droo yangu. Ya pili nilimpa mama, naye akaitia sandukuni. Mjomba alipokuja kututembelea aliniambia moja nimpe jirani. Nilicheka. Nikamwuliza, ufunguo ukikaa kwa jirani, kufuli la kisasa la nini? Akaendelea kunywa chai yake.

Mama aliugua kifua na akalazwa Bagamoyo. Wodi ya wanawake mwanamume haruhusiwi kulala, kwa hiyo dada yangu mkubwa alitoka Miono akakaa naye, mimi nikawa nalala kwenye gari nje ya geti. Siku za mwanzo nilirudi nyumbani mara mbili kuchukua nguo na chupa ya chai. Mlango ulifunguka kwa kidole changu bila tatizo. Simu ilionyesha betri nusu. Ilikuwa inaonyesha nusu tangu mwanzo.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ilinikuta pale pale hospitali. Niliswali msikiti wa karibu. Katika rakaa ya pili, paji la uso likiwa chini, nikakumbuka betri. Nikasema kesho. Baada ya salamu dada akapiga simu, mama anataka uji, nikaenda kutafuta uji. Kesho ikapita na keshokutwa.

Alifariki siku ya tisa, baada ya swala ya alfajiri. Dada alitoka nje ya wodi akasimama kwenye ngazi, akanitazama, akatikisa kichwa. Nikaenda kuulizia karatasi za kumtoa mama.

Mjomba alifika mapema kutoka Fukayosi, anakoishi. Nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba huku akiangalia saa yangu ya mkononi.

"Twende naye Miono moja kwa moja," alisema. "Kaburi wanachimba sasa hivi, karibu na baba yako. Sanda Bagamoyo hapa inauzwa, waoshaji Miono wapo."

"Ana yake, mjomba. Iko Mapinga. Na alisema aoshwe chumbani kwake."

"Mapinga ni kurudi nyuma. Miono ni mbele."

"Nusu saa kwenda. Anaoshwa, anavishwa, tunamswalia Adhuhuri, tunaondoka. Alasiri tuko Miono."

Akaitazama tena saa yangu. "Haya," alisema. "Nusu saa yako."

Nilitangulia na gari langu, gari lililombeba mama likafuata na dada na mjomba. Majirani walikuwa wamekwisha kupata habari. Wanaume walikuwa wametandika majamvi nje ya ukuta, wanawake wamefunga turubai upande wa jikoni na wamekoka moto wa maji ya kuoshea. Walisubiri nyumba ifunguliwe. Nikatoa salamu, nikapita katikati yao, nikaweka kidole.

Hapakutokea kitu.

Nikafuta kidole kwenye kanzu, nikaweka tena. Nikabonyeza namba. Vitufe havikuwaka. Nikatoa simu, nikasimama karibu kabisa, simu ikatafuta, ikatafuta, ikasema haikuona kifaa. Kilichobaki mbele yangu kilikuwa chuma kilichopakwa rangi.

Nilielewa mara moja. Zimekata. Huenda zilikata jana, huenda wiki iliyopita, hapakuwa na wa kunijulisha kwa sababu mwenye kujulisha nilimzima mwenyewe. Na mahali pa kuwekea betri katika makufuli haya ni upande wa ndani. Funguo zote mbili ziko ndani. Vifaa vyangu viko ndani. Madirisha yana nondo, nilizichagua nene. Mlango wa nyuma una komeo la ndani. Nilisimama nikayahesabu haya kama mtu anayekagua nyumba ya mteja.

Gari la mama lilikuwa juani. Jirani wa mkabala, mwalimu wa shule ya msingi, akafungua nyumba yake mwenyewe, akasogeza makochi, akasema, "Mleteni kwangu, asikae juani." Wakamshusha, wakamwingiza sebuleni kwake. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mlangoni pangu, nimewapa mgongo. Nilisikia tu miguu na mtu akisema taratibu, taratibu.

Mjomba akaja kusimama nyuma yangu.

"Vunja."

"Ni chuma, mjomba. Kinataka mashine ya kukatia."

"Iite hiyo mashine."

"Umeme umekatika tangu asubuhi. Na mwenye jenereta yuko kazini Bunju."

"Umeme ukikatika na mlango unakufa?"

"Mlango hautumii umeme wa nje. Unatumia betri."

"Na betri ziko wapi?"

"Ndani."

Aliyedakia ni mtani wetu. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, Mnyamwezi wa Tabora, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sisi Wakwere na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za babu zao wakishuka pwani na mizigo mabegani, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Aliukagua mlango juu mpaka chini, mikono nyuma, kama polisi wa barabarani.

"Enyi Wakwere," alisema, "marehemu kawafungia nje. Kajua mnakuja kula wali wake."

Wanawake chini ya turubai wakaziba midomo kwa kanga.

"Mtani, acha," dada alisema.

"Siachi. Huyu ndugu yenu kajenga jela, kaweka nondo, kaweka chuma, halafu mfungwa kajisahau nje. Nimeendesha lori nchi nzima sijaona jela ya hivyo."

"Basi tusaidie."

"Nilipwe kwanza. Beberu mmoja, nawapandia paa."

Sikukasirika. Nilisikia maneno yake kama redio ya nyumba ya pili. Chini ya kufuli, ukiinama, kuna vitone viwili vya chuma. Ukigusisha hapo betri ya mraba ya volti tisa, kufuli hupata nguvu kwa muda na unaweza kubonyeza namba. Ya gari ni volti kumi na mbili, ingeliunguza. Nikamwita dereva wa bodaboda, nikamweleza aina ya betri, nikamwambia afike maduka ya barabara kuu asirudi bila hiyo.

Mjomba alinisikia. "Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini ndiyo iliyonifanya nigeuke. "Adhana ya Adhuhuri ikiingia na mlango haujafunguka, namtuma mtu sanda ya dukani, anaoshwa pale alipo, tunaondoka. Siwezi kumweka dada yangu kwenye sebule ya watu mpaka jioni kwa ajili ya kitasa."

"Sawa, mjomba."

Bodaboda alichukua zaidi ya nusu saa. Alirudi na betri ya mraba iliyo ndani ya pakiti yenye vumbi. Nikaigusisha. Kimya. Nikageuza pande. Kimya. Nikaiweka ulimini, ndivyo mafundi tunavyopima tusipokuwa na kipimo. Ikiwa nzima inakuchoma kidogo. Haikunichoma. Ilikuwa imelala dukani miaka.

"Unalamba nini?" mjomba aliuliza.

"Napima."

"Chuo kizima walikufundisha kulamba?"

Dada alitoka kwa mwalimu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kazi. "Waoshaji wanauliza. Maji yamechemka mara ya pili. Wachukue ya dukani?"

"Bado."

"Alinisisitizia na mimi pia," alisema. "Vipande vitano, alisema. Alinihesabia kwenye vidole." Halafu akanitazama vile nilivyochuchumaa. "Hiyo stashahada yako ifungue mlango basi. Leo ndiyo siku yake."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake kizingitini, na mkononi alishika rimoti ya televisheni. Sijui kama aliichukua kwa makusudi au aliiokota tu alipokuwa akisogeza vitu. Akaitazama, akafungua kifuniko cha nyuma.

"Hizi si betri?" alisema.

"Ni nyembamba, tena ni volti moja na nusu," nilianza kumjibu, na hapo nikaacha, kwa sababu hesabu ilikuwa imekwisha kujipiga yenyewe. Sita kwa moja na nusu ni tisa. Nyembamba au nene haidhuru. Zikipangwa kichwa kwa mkia, sita zozote ni sawa na ile ya mraba.

Nikasema nahitaji sita. Nilisema kwa sauti ya kawaida, sikupiga kelele, lakini mtaa ulisikia. Mwalimu akanipa mbili zake. Bibi anayeuza maandazi pale kwenye kona akaenda kwa miguu yake mibovu akarudi na redio yake ndogo, akanipa nzima nizitoe mwenyewe, mbili. Fundi cherehani akaja na saa ya ukutani kwapani, bado inatembea, akachomoa moja akailaza saa jamvini kifudifudi. Tano. Nikakata waya wa chaja ya simu kutoka kwenye gari, nikauchuna kwa meno. Bibi akanipa karatasi ya kufungia maandazi, nikazikunja betri ndani yake kama sigara, fundi cherehani akazungushia uzi wake mweusi mara nyingi, akaukata kwa meno yake na yeye.

Nilijaribu na tano. Kufuli lililia mlio mmoja na vitufe vikawaka. Watu wakavuta pumzi. Nikabonyeza namba. Mota ndani ikaanza kuguna, ikazunguka robo, ikashindwa, ikanyamaza. Betri za saa na redio zilikuwa zimechoka tayari. Ilikosekana moja.

Nikatazama juu. Mtani alikuwa amesimama pale pale. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa tochi ndogo ya dereva, ya betri moja. Akaifungua. Akanishikisha betri kiganjani akakifunga kiganja changu.

"Nakuazima, sikupi," alisema. "Mali ya Mnyamwezi inarudi kwao."

Nikafungua uzi, nikaongeza ya sita, nikafunga tena. Dada akanishikia waya mmoja, mimi nikashika mwingine. Adhana ilianza wakati nabonyeza tarakimu ya pili. Spika za msikiti zilikuwa na betri yake, umeme ukatike usikatike. Nilibonyeza ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Mota ikaguna, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Chuma kikaachia. Nikausukuma mlango kwa bega.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa anaitikia adhana kwa midomo, hakunitazama. Ilipokwisha alisema, "Haya, waingie," akaenda kutia udhu.

Wanawake waliingia na ndoo. Dada alikwenda moja kwa moja chumbani, nikasikia mfuniko wa sanduku la bati. Harufu ya udi ikatoka hadi mlangoni. Mimi niliingia, nikachukua betri nne zilizokuwa kwenye chaja, nikarudi mlangoni kuzibadilisha. Hakuna aliyenituma. Mlango ulikuwa wazi na umezuiwa kwa tofali, ungeweza kukaa hivyo mpaka kesho. Nilikuwa nimefungua kifuniko, nimeshika betri ya tatu, natafuta upande wa jumlisha, wanaume walipokuja wamembeba mama kutoka kwa mwalimu kumwingiza kwake.

"Pisha," dada alisema.

Nikapisha. Nikabana mgongo ukutani, betri mkononi. Alipita mbele yangu, karibu kiasi cha kugusa kwa mkono. Nakumbuka upande wa jumlisha ulikuwa juu. Nakumbuka betri ilikuwa ya kijani na nambari zake zimefutika. Yeye sikumtazama, na baadaye alipokwisha kuvishwa uso ulikuwa umefunikwa.

Tulimswalia pale nje. Tukaondoka. Tulipita Bagamoyo, tukapita Fukayosi, na watu wa mjomba walikuwa wanasubiri barabarani wakapanda magari yetu. Miono tulifika baada ya Alasiri, jua bado lipo. Mimi na mjomba tuliingia kaburini kumpokea. Sanda ilikuwa nyeupe sana kwenye udongo mwekundu. Mjomba aliniambia, "Shika kichwani, vizuri," nikashika vizuri. Nilifanya kila kitu nilichoambiwa. Watu waliniambia pole, nikasema tumeshapoa. Nilitarajia kitu kitanijia usiku ule, au siku ya khitma. Hakikuja. Nilikula, nikalala, nikaamka. Mjomba hakuwahi kuligusa jambo la mlango, si siku ile wala baadaye. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa mbele ya nyumba ya baba, alinisogezea sahani ya wali akasema, "Alivishwa yake." Nikasema ndiyo. Tukaendelea kula.

Niliporudi Mapinga nilikuta ule msokoto wa betri barazani, karatasi ya maandazi na uzi mweusi, vile nilivyouacha. Ningeweza kuufungua na kumrudishia kila mtu betri yake. Lakini zilikuwa zimeonja mzigo usio wao, na mimi sirudishi kitu kibovu kuliko nilivyokipokea. Nikaenda kununua mpya, za kawaida, nene na nyembamba, na nne za ziada kwa ajili ya mlango. Nikaziweka mlangoni, nikawasha tena mlio na taa. Kufuli likasema betri zimejaa, mara ya kwanza tangu nilinunue. Kisha nikatoka kwa miguu.

Mwalimu alikataa. "Msiba haulipwi," alisema. "Ulisikia wapi?"

"Msiba silipi. Betri ndiyo nalipa."

"Nimeshanunua nyingine."

"Basi ziweke akiba." Nikamshikisha, na pamoja nazo nikamshikisha ufunguo wa mlango wangu, ule wa sandukuni. Aliutazama, akauning'iniza kwenye msumari pembeni ya mlango wake.

Bibi wa maandazi alizitia redioni pale pale, akazungusha kitufe cha stesheni mpaka akapata mtu anayesoma Kurani, akamwacha asome. Akanifungia maandazi manne. Nikamwambia sili tamu. Akasema hajaniuliza. Fundi cherehani aliteremsha saa kutoka ukutani. Ilikuwa imesimama tangu siku ile. Alisema alikuwa anaangalia saa kwenye simu za wateja. Akauliza saa ngapi, nikamwambia, akairekebisha mishale kwa ncha ya mkasi.

Mtani nilimweka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atadai beberu, atadai faida, atasema betri yake ilikuwa ya Tabora na hii ni ya Kichina. Nilikuwa na majibu yangu, maana na mimi ni mtani wake. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya nyumba, anashona kandambili kwa waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikampa betri. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaenda ndani, akarudi na tochi, akaitia, akaiwasha mchana ule, akaimulika kwenye kiganja chake, akaizima.

"Nimepokea," alisema. "Sikudai."

Nilisubiri aseme jingine. Alisogea kidogo kwenye benchi, nikakaa. Akarudia kushona kandambili.

"Umeshalia?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Bado."

"Mh."

Alimaliza kandambili ya kwanza, akachukua ya pili. Nilikaa pale mpaka akaimaliza, kisha nikaaga nikarudi nyumbani. Sikuwa nadaiwa na mtu yeyote Mapinga.